Poirot wa dakika hamsini na Poirot wa dakika tisini

Wakikutana watu wawili waliomaliza vipindi vyote 70 vya tamthilia ya mpelelezi Hercule Poirot wa mwigizaji David Suchet, haipiti dakika kumi kabla hawajagawanyika. Mmoja atakwambia tamthilia ile ilikufa mwaka 2002, na kilichofuata ni giza na machozi. Mwenzake atajibu kwamba kabla ya hapo palikuwa na masharubu, magari ya kizamani na vichekesho tu, na kwamba Poirot alianza kuonekana binadamu siku alipoachwa peke yake. Kisha wote wawili wataapa kwamba wanachokitetea ni vitabu vya Agatha Christie, aliyemtunga Poirot. Hapo ndipo penye kichekesho.

Tuanze na hesabu, maana nusu ya ugomvi huu imo kwenye saa ya ukutani. Tamthilia ilirushwa na ITV ya Uingereza kuanzia tarehe 8 Januari 1989 hadi tarehe 13 Novemba 2013. Kati ya vipindi 70, vipindi 36 ni vifupi, vya dakika 50 hivi, vilivyokatwa vitoshee nafasi ya saa moja pamoja na matangazo ya biashara. Vilivyobaki 34 ni virefu, vya dakika 90 mpaka 100 na kitu, vya nafasi ya saa mbili. Vifupi vyote vilikwisha mwaka 1993. Tangu hapo hakikutengenezwa kingine.

Tofauti hiyo si ya urefu peke yake. Kifupi hutokana na hadithi fupi, ambayo kitabuni ina kurasa chache, washukiwa watatu au wanne, na hila moja. Mwandishi wa skripti akipewa malighafi hiyo, kazi yake ni kuongeza: mzaha wa nyumbani, safari ya gari, mlo, na mara nyingi mno mbio za kumkimbiza muuaji dakika tano kabla ya mwisho. Kirefu hutokana na riwaya, na hapo kazi inageuka kuwa kukata: wahusika wawili wanaunganishwa kuwa mmoja, ushahidi wa kurasa kumi unabanwa kwenye sentensi mbili. Anayeongeza huongeza kilicho chepesi. Anayekata huanza na kilicho chepesi. Kwa hiyo utulivu ule ambao watu wanausikitikia ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ujazo wa nafasi iliyobaki.

Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Tazama kipindi cha kwanza kabisa, kile cha mpishi wa Clapham. Mama mmoja anakuja kwa Poirot kulalamika kwamba mpishi wake ameondoka bila kuaga. Poirot, ambaye anajiona mtu wa kesi za taifa, anataka kumfukuza, na mama anamjibu kwamba mpishi mzuri ana thamani kwa mwenye nyumba kama lulu zilivyo kwa tajiri. Poirot anakubali kosa na kwenda. Dalili inayoifungua kesi ni chakula: jioni ile mpishi alikuwa amewekewa mapichi yaliyochemshwa, anayoyapenda kupita kiasi, na hakuyala. Mtu anayeacha kazi kwa hiari yake hakosi kula kitamu chake kabla ya kutoka. Dalili inatajwa mbele yako, kwa sauti ya kawaida, katikati ya mazungumzo ya jikoni, na mtu akikwambia hukuonyeshwa anakudanganya. Mwishoni malipo yake, ginea moja tu (pauni moja na kitu), yanatiwa fremu na kutundikwa ukutani yamkumbushe asidharau jambo dogo.

Humo mmekwishawekwa kila kitu: nyumba yenye kila kitu mahali pake, mlo, fedheha ndogo ya mtu mwenye majivuno, na kifo kinachosubiri pembeni mpaka watu wamalize chai.

Na wamo wale wanne. Poirot, Kapteni Hastings wa Hugh Fraser, Inspekta Mkuu Japp wa Philip Jackson, na Miss Lemon wa Pauline Moran. Ukimbana mtazamaji yeyote wa kundi la kwanza akwambie hasa anakosa nini, hatataja hata kesi moja. Atakutajia hao. Atakutajia Hastings na gari lake la Lagonda, Japp, Miss Lemon na mfumo wake wa mafaili. Katika kipindi kirefu cha mauaji ya ABC, cha mwaka 1992, Hastings anarudi kutoka Amerika ya Kusini na zawadi ya mamba mdogo aliyekaushwa anayenuka, na watu wazima wenye akili zao wanamkumbuka mamba yule kuliko wanavyomkumbuka muuaji. Aliyemsoma Bwana Msa na Najum wake hahitaji kufundishwa kwa nini mpelelezi anatakiwa awe na mtu wa pembeni. Mtu huyo hukosea kwa niaba yetu, na mpelelezi anapomsahihisha hatuoni haya sisi.

Sasa lile la vitabu. Christie aliandika riwaya 33 za Poirot, na Hastings anaonekana katika 8 tu. Mapema sana, mwaka 1923, alimwoza na kumpeleka Argentina, kisha akawa anamrudisha kwa vipindi. Japp naye hupotea baada ya riwaya ya mwaka 1940. Miss Lemon wa kitabuni ni mwanamke asiye na sura wala mzaha, mashine ya kazi ambayo ndoto yake moja maishani ni mfumo kamili wa kuhifadhi mafaili. Yule mwenye vikunjo vya nywele vilivyobandikwa pajini mwa uso na huruma kwa kila mgeni anayebisha hodi, runinga ndiyo iliyomzaa. Familia ya Whitehaven Mansions, jengo anamoishi Poirot, ni kazi ya mtayarishaji Brian Eastman na waandishi wake, Clive Exton akiwa mbele. Walimtia Hastings katika hadithi ambazo Christie hakumtia.

Kwa hiyo anayesema kwamba vipindi vya kuanzia 2003 vilikiacha kitabu kwa kuwaondoa wale watatu amelishika jambo kichwa chini miguu juu. Kuwaondoa kulikuwa kurudi kitabuni. Kilichoachwa ni runinga ya zamani, na mtu ana haki ya kuililia, ila aililie kwa jina lake.

Miaka inayofichua hili vizuri ni ile ya kati, 1995 hadi 2002, ambayo pande zote mbili huiruka kwa haraka. Humo vipindi ni virefu, na familia bado ipo. Ingekuwa siri ni familia peke yake, vyote vingependwa. Haikuwa hivyo. Kile cha Roger Ackroyd, cha mwaka 2000, ndicho kinachotukanwa zaidi, na kwa haki. Riwaya ile inasimama juu ya namna inavyosimuliwa, na asiyeisoma asiambiwe zaidi ya hapo. Skripti ilimweka Poirot asome shajara ya muuaji kwa sauti, ikamwingiza Japp asiyekuwemo, ikamaliza kwa bastola na kukimbizana kiwandani. Ukiondoa msimulizi, hila haina pa kukaa. Hakuna mwigizaji anayeweza kuokoa hapo. Ushauri wetu juu ya kipindi hicho ni mfupi: soma kitabu kwanza, na ukishakisoma huenda usihitaji kutazama.

Tatizo la pili linahusu kalenda, na linaeleza mabadiliko mengi ambayo watazamaji huyaita ukorofi wa waandishi. Vitabu vya Poirot vilitoka kati ya 1920 na 1975. Runinga iliamua kumgandisha katika miaka ya 1930, isipokuwa mara chache: kesi ya nyumba ya Styles iko wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kesi ya sanduku la chokoleti inamrudisha ujana wake Brussels, na ya mwisho kabisa iko baada ya Vita ya Pili. Faida ya uamuzi huo inaonekana kwa macho. Jengo linaloitwa Whitehaven Mansions ni Florin Court, katika uwanja wa Charterhouse Square jijini London, lililojengwa mwaka 1936, lenye ukuta uliopinda kama wimbi. Fanicha, kofia, treni, herufi za vibao vya maduka, vyote vinatoka katika kabati moja. Jicho linatulia kwa sababu halihamishwi.

Hasara yake inaangukia riwaya zilizoandikwa baada ya vita. Mfano ulio wazi ni ile ya mwaka 1948 kuhusu ukoo wa Cloade. Kitabuni, tajiri wa ukoo anauawa na bomu la ndege za Wajerumani, na familia nzima inafilisika kwa ajali ambayo haina mwenyewe. Ukiirudisha hadithi hiyo nyuma ya vita, bomu halipo. Waandishi wa mwaka 2006 wakalazimika kuweka mlipuko wa nyumba wakati wa amani, na mlipuko wa wakati wa amani lazima uwe na maelezo, na maelezo hayo yakabadilisha uzito wa kesi nzima. Riwaya ya mwaka 1966 kuhusu msichana wa tatu katika nyumba ya kupanga iliumia vibaya zaidi. Inahusu vijana wa London ya miaka ya sitini, nywele ndefu, dawa za kulevya, mzee Poirot akishangaa dunia. Ukiwavalisha wasichana wale nguo za 1930, mshangao wake hauna sababu. Riwaya ya mwaka 1942 kuhusu mchoraji aliyepewa sumu haikudhurika hata kidogo, kwa kuwa haikutegemea mwaka wowote.

Kuna jambo jingine lililodondoka katika safari hiyo ya kurudi nyuma, na msomaji wa Afrika ana sababu ya kulitazama kwa karibu. Riwaya ya mwaka 1955 inayotokea katika hosteli ya wanafunzi mtaa wa Hickory ina wanafunzi kutoka pande nyingi za dunia, akiwemo Bwana Akibombo kutoka Afrika Magharibi, ambaye Kiingereza chake Christie anakifanyia mzaha usiopendeza lakini anampa nafasi ya kugundua jambo la maana. Hosteli hiyo ilipohamishwa miaka ya 1930, kwenye kipindi cha 1995, ikawa na sura nyeupe tupu. Tunakubali kwamba kile kichekesho cha Japp kukaa kwa Poirot na kuteseka na chakula chake ni kitamu. Lakini kumwondoa mtu si dawa ya kumwandika vibaya.

Baada ya 2002 Eastman na Exton hawapo tena. Kuanzia 2003 michoro ya mwanzo inaondolewa, na saksafoni ya Christopher Gunning haifungui tena kipindi. Watazamaji wengi husema ndipo baridi ilipoingia, na wako sahihi kuliko wanavyodhani: wimbo ule ulikuwa unafanya kazi ya mlango wa nyumba. Ukiusikia ulijua umefika, na kwamba kabla ya kulala mambo yatakuwa yamepangwa. Kipindi kinachofunguka moja kwa moja na mwanamke gerezani hakikupi ahadi hiyo.

Na mwanamke gerezani ndiye anayefungua kipindi bora kuliko vyote, kile cha mchoraji na nguruwe wadogo watano, kilichoandikwa na Kevin Elyot. Tunajua kuna watakaokasirika. Kipindi hiki kilibadilisha mambo mawili makubwa: kitabuni mama aliyetuhumiwa anafungwa na kufia jela, hapa ananyongwa, na mmoja wa mashahidi amepewa siri ya mapenzi ambayo Christie hakuiandika. Lakini mabadiliko yote mawili yanasukuma upande uleule ambao kitabu kilikuwa kinaelekea. Kunyongwa kunafanya kazi ya Poirot iwe ya kumsafisha mtu asiyeweza tena kushukuru. Siri ya shahidi inaeleza chuki ambayo kitabuni tayari ilikuwa na harufu ya kitu kingine. Kipimo chetu ni hicho: usiulize kama wamebadilisha, uliza kama badiliko linaibeba hila au linaiangusha.

Kwa kipimo hichohicho, kesi ya familia ya Boynton, iliyorushwa 2009, inaanguka. Riwaya yake, ya mwaka 1938, ni ya Yerusalemu na Petra, na nguvu yake yote ni mama mmoja katili aliyewafunga watoto wake kwa woga. Runinga ikaihamishia kwenye machimbo ya mambo ya kale nchini Syria, ikaongeza mume, mtawa na biashara ya kuuza wasichana. Mama yule sasa ni mmoja kati ya maovu mengi, na kesi inakosa kitovu. Kesi ya mchezo wa karata, ya 2006, iko katikati: walibadilisha sababu za watu na hata majina ya wapelelezi wawili, lakini waliacha karatasi za alama za mchezo wa bridge, ambazo ndizo ushahidi wenyewe. Asiyejua bridge asihangaike. Ajue tu kwamba namna mtu anavyoandika alama zake, na namna anavyothubutu kutangaza mkono mkubwa, ni namna alivyo.

Treni ya mwaka 2010, ile ya Orient Express, ndiyo inayowagombanisha watu mpaka leo. Kitabuni Poirot hufikia uamuzi wake wa mwisho kwa wepesi wa kushangaza, kurasa mbili na kwisha. Suchet, ambaye humwigiza Poirot kama Mkatoliki anayesali, anaufanya uamuzi ule umuumize, rozari mkononi, kwenye theluji. Anayetafuta kipindi cha kutazama na kikombe cha chai apitie mbali. Anayetaka kujua mtu aliyeamini sheria miaka yote hiyo hufanya nini inaposhindwa, hana pengine pa kwenda. Kosa pekee ni kuanza na hicho. Bila vipindi vya nyuma, maumivu yale yanaonekana kelele tu, kwa sababu hujaona bado alivyokuwa akifurahi.

Suchet mwenyewe hagombewi na mtu. Alisoma vitabu na kuandika orodha ya tabia 93 za Poirot, aliyoibeba kazini. Mwili ni nguo za kujazia. Ule mwendo wa hatua fupi aliupata kwa kutembea huku amebana sarafu kati ya matako, mpaka ukamzoea. Lafudhi si ya Mfaransa, ni ya Mbelgiji anayesemwa kuwa Mfaransa na kukereka kila mara. Tazama pia kile chombo kidogo cha fedha chenye maua kwenye ukosi wa koti: runinga iliamua kukipa historia katika kesi ya sanduku la chokoleti, na baada ya hapo hukioni tena kama pambo.

Mambo machache ya vitendo. Vipindi vya zamani vilipigwa kwa picha ya umbo la 4 kwa 3. Runinga ya leo ikiachwa ijipangie, huivuta picha ijaze kioo, na Poirot anakuwa mpana kama kabati. Nenda kwenye mpangilio wa picha uchague 4:3, uvumilie mistari miwili myeusi pembeni. Ukikuza picha ijae, utakata juu na chini, na dalili hukaa mezani, yaani chini. Namba za vipindi zisikuchanganye: baadhi ya orodha huvigawa virefu vya mwanzo vipande viwili, hivyo jumla haitalingana na 70. Fuata jina, achana na namba. Usitazame huku unasogoa, wala hii si filamu ya kuwekewa sauti ya DJ juu yake. Dalili nyingi hupita kwenye sentensi ya mtumishi. Na picha ikififia kuwa nyeusi katikati ya kipindi, hapo palikuwa na matangazo. Kilichosemwa sekunde chache kabla yake kimewekwa kukuvuta urudi, na mara nyingi si kweli.

Kwenye kikao cha mwisho, pale washukiwa wanapoketishwa sebuleni, angalia mpangilio. Poirot hamwendei muuaji. Anapita kwa kila mmoja na kumvua siri yake ndogo: huyu aliiba, yule alidanganya umri, yule ana mchumba wa pembeni. Watu huona ni maringo tu. Kumbe anaondoa mezani kila uongo usiohusika na mauaji, mpaka ubaki mmoja usio na maelezo mengine. Katika vipindi virefu vya baadaye sehemu hii hupigwa kwa kumbukumbu zinazorudi, picha baada ya picha, na mtazamaji aliyekuwa akihesabu uongo hupoteza hesabu.

Kwa anayeanza, tunapendekeza mpishi wa Clapham, kisha nyumba ya ghorofa ya tatu, ambayo mauaji yake yako ndani ya jengo la Poirot mwenyewe. Ukipenda, endelea na End House, halafu ABC na mamba wake. Hapo pumzika. Ruka moja kwa moja mpaka mchoraji wa 2003. Ukimpenda, mlango wa vipindi vya baadaye umefunguka. Usipompenda, rudi 1989, bado una vifupi zaidi ya 30 na hakuna atakayekulaumu.

Styles uitunze mpaka karibu na mwisho. Ni kesi ya kwanza ya Poirot vitabuni, na nyumba hiyohiyo ndiyo ya kesi yake ya mwisho, ambayo Christie aliiandika wakati wa Vita ya Pili na kuifungia mpaka 1975. Suchet aliomba kesi hiyo ya mwisho ipigwe kabla ya nyingine nne za msimu wa 2013, ili siku yake ya kumaliza kazi imkute Poirot akiwa hai. Kwa hiyo kipindi alichofungia kazi ni kile cha karamu ya bustanini na mchezo wa kumsaka muuaji, na sehemu yake ilipigwa Greenway, Devon, nyumba ya Christie mwenyewe, ambayo ndiyo aliyoifikiria alipokuwa akiandika, pamoja na lile banda la mashua kando ya mto. Unaweza kutazama kwa mpangilio wa ITV, au kwa mpangilio wa Suchet.